Gego moja limezibwa mara tatu na kizibo kinadondoka: tatizo ni dawa ya kuziba, ni daktari, au ni jino lenyewe?

#1 Mwana Meru
Habari wakuu. Nina gego la chini kushoto, limetoboka upande wa shavuni, chini karibu na ufizi. Tundu lenyewe ni la ukubwa wa punje ya mtama. Daktari wa kwanza alisafisha, akaweka dawa ya muda inayonukia karafuu, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Nilivyorudi akaitoa, akaziba kwa ile nyeupe inayomulikwa taa ya bluu. Ikakaa miezi mitano. Nikaenda kwa mwingine, nyeupe tena, miezi mitatu. Ya tatu haikufika hata miezi miwili. Juzi natafuna makande, nikasikia kitu kigumu, nikadhani ni jiwe, kumbe ni kizibo changu.

Meno yangu yana rangi ya kahawia kama wengi tuliokulia huku chini ya Mlima Meru. Daktari wa tatu aliniambia, "Meno ya huku hayashiki gundi." Ndiyo nauliza wenye ujuzi: hilo limepimwa maabara, au ni maneno ya kumwondolea mgonjwa? Kama ni kweli, watu wengi huku tunalipia kazi isiyoshika.

#2 Kisu Kikali
Ng'oa mkuu, upumzike. Una magego mengine.

#3 Bint Wete
Usimsikilize #2. Mie niling'oa gego nikiwa skuli, mpaka leo natafunia upande mmoja, na la juu yake limeshuka linatafuta mwenzake. Jino likitoka halirudi. Kwetu Pemba likiuma tunatia pamba yenye mafuta ya karafuu, linatulia, kisha unakwenda kwa dakta.

#4 Meno32
Mwana Meru, pole. Nipo masomoni Uturuki, uzamili, na kazi yangu ya kila siku ni hiyo unayouliza: kubandika dawa za kuziba kwenye meno na kupima zinang'oka kwa nguvu kiasi gani. Jibu fupi ni kwamba limepimwa, tena mara nyingi, na majibu hayakubaliani.

Ile nyeupe inaitwa kompoziti. Haishiki jino yenyewe. Kwanza jino linapakwa asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 35 hadi 37, kama sekunde 15. Asidi inachimba vishimo vidogo sana kwenye enameli, yaani ngozi ngumu ya nje ya jino, gundi inaingia humo, taa inaigandisha, basi imeshikamana kama mizizi kwenye udongo. Njia hiyo ilianzia kwa Michael Buonocore, Marekani, mwaka 1955, yeye akitumia asidi kali ya asilimia 85.

Sasa hiyo kahawia yenu inaletwa na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko. Jino lililokomaa likiwa na floraidi nyingi, ngozi ya juu ya enameli inakuwa sugu kwa asidi, na chini yake kuna tabaka lenye vinyweleo. Asidi ya sekunde 15 inaweza isichimbe vya kutosha. Kuna maabara zimekuta gundi inashika kidogo zaidi kwenye meno hayo, hasa yaliyoathirika sana. Nyingine zimekuta yaliyoathirika kidogo hayana tofauti na meno meupe. Wengine wanashauri kuongeza muda wa asidi, wengine kukwangua kwanza ile ngozi ya juu. Kwa hiyo daktari wako hakutunga, ila alilisema kama jambo lililokwisha amuliwa.

#5 Tabibu wa Wilaya
Namuunga mkono #4 kwa nusu. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimefanya kazi kanda hiyo. Meno ya kahawia nimeziba mengi na yanakaa. Mwana Meru, soma tena maelezo yako: tundu liko *karibu na ufizi*. Hapo ndipo pagumu kuliko pote mdomoni. Ufizi unavuja maji na damu, mate yanapanda, na tone moja tu likigusa jino lililokwisha pakwa asidi, kazi imeharibika. Halafu pale chini enameli ni nyembamba sana, gundi inashika dentini zaidi, lile tabaka lililo chini ya enameli. Mimi naona hukumu ni ya mate, floraidi imesingiziwa.

Uliwekewa pamba na mpira wa kunyonyea mate?

#6 Mwana Meru
#5 pamba iliwekwa mara zote. Mpira wa kunyonya mate ulikuwepo kwa daktari wa kwanza tu. Kwa wa tatu nilikuwa natema kwenye beseni, narudi, anaendelea.

#7 Tabibu wa Wilaya
Umejijibu.

#8 Meno32
Tabibu, shikamoo, lakini usifunge kesi mapema. Cha kwanza kiliwekwa na mpira upo, na bado kilidondoka. Mimi kilichonishtua ni ile harufu ya karafuu.

Dawa ya muda inayonukia karafuu ni unga wa zinki oksaidi uliochanganywa na yujenoli, na yujenoli ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Inatuliza jino vizuri. Lakini kompoziti inaganda kwa sababu mwanga ukipiga unazalisha chembechembe zinazoshikanisha rezini, ile plastiki yake ya majimaji, mnyororo kwa mnyororo, na yujenoli inazidaka hizo chembechembe. Ikibaki ndani ya dentini, gundi pale chini inaweza kubaki laini laini hata kama juu pamekauka.

#9 Bint Wete
Subhanallah. Yaani karafuu yetu ndiyo mhalifu? Hapana, hapo sikubali. Babu yangu alichuma karafuu miaka arubaini na meno yake alizikwa nayo.

#10 Meno32
Dada Bint Wete, karafuu haijagusa meno ya babu kwa ubaya. Tatizo ni pale tu inapofuatwa na gundi ya rezini. Na hata hapo maabara zimegawanyika: zipo zilizokuta nguvu inashuka, zipo zilizokuta kwamba jino likikwanguliwa vizuri na kupakwa asidi na kuoshwa, hakuna tofauti. Muda tangu iwekwe nao una maana, maana yujenoli inapungua siku zinavyokwenda. Wiki mbili alizosubiri Mwana Meru zinamtetea daktari wa kwanza.

#11 Fundi Taa
Mnaongelea asidi na karafuu, hakuna aliyeuliza taa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Ninazunguka kwenye vituo, kazi kubwa ni viti na kompresa, lakini siku hizi natembea na kipima mwanga kwenye begi. Kiwango cha chini cha mwanga kinachotajwa sana kwa tabaka la kompoziti la milimita 2 ni miliwati 400 kwa kila sentimita ya mraba. Nimepima taa ikanipa chini ya nusu ya hapo na bado inang'aa bluu safi, jicho halioni kasoro yoyote. Nyingine ncha yake imeganda kompoziti ya wagonjwa waliotangulia, mwanga unapita kama kwenye kioo chenye ukungu. Nikaikwangua kwa wembe mbele ya daktari, nikapima tena, namba ikapanda palepale.

Kizibo kilichomulikwa na taa dhaifu kina uso mgumu na tumbo bichi. Daktari anakigusa kwa kifaa, kinalia "ki", anaridhika. Miezi mitano baadaye yanatokea ya Mwana Meru.

#12 Tabibu wa Wilaya
#11 hapo umenigusa. Kituoni kwangu taa ni ya betri, na umeme ukikatika asubuhi, ikifika saa nane najua imechoka. Ndiyo maana mimi natumia zaidi glasi ionoma. Haitaki taa, inaganda yenyewe, na inashikana na kalisi ya jino moja kwa moja bila kuchimbwa na asidi kali. Tena inaachia floraidi kidogo kidogo. Udhaifu wake ni kwamba inasagika mapema ikiwekwa sehemu ya kutafunia. Lakini kwa tundu la ubavuni karibu na ufizi kama la Mwana Meru, mimi ningeanza na hiyo.

#13 Mgeni Bremen
Salaam kutoka Ujerumani. Kwa nini msimzibe kwa ile ya zamani ya rangi ya fedha? Mama yangu anayo tangu nikiwa darasa la pili. Au kwa sababu imeshapigwa marufuku dunia nzima?

#14 Meno32
Mgeni Bremen, si dunia nzima. Huko uliko, Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa huyo anaihitaji kwa sababu za kitabibu. Kwa watoto chini ya miaka 15 walishazuia tangu 2018. Kidunia kuna Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliotaka ipunguzwe. Sababu kubwa ni zebaki: karibu nusu ya uzito wa amalgamu, hiyo ya rangi ya fedha, ni zebaki, na inaishia kwenye maji taka na hewa.

Halafu amalgamu haina gundi. Inashikiliwa na umbo la tundu, kwa hiyo lazima daktari achonge hata sehemu ya jino isiyooza ili tundu liwe pana ndani na jembamba mdomoni. Kwa tundu la punje ya mtama ni kuchonga jino bure.

#15 Wa Nakuru
Hamjambo. Huku kwetu Bonde la Ufa ni hadithi hiyohiyo, meno ya kahawia tangu utotoni, maji ya visima. Dadangu alijazwa meno mawili ya mbele, moja limeshika mwaka wa nne, la pili ameshajaziwa mara mbili. Mdomo mmoja, maji yale yale, daktari yule yule, siku ile ile. Nielezeni hiyo.

#16 Tabibu wa Wilaya
Wa Nakuru, swali zuri. Jino lile linalosumbua linagonga vipi na la chini yake? Anasaga meno usingizini? Jino likibanwa linapinda kidogo, kidogo sana, na mkazo wote unakwenda shingoni mwa jino. Vizibo vya hapo vinabanduka polepole kama rangi kwenye mlango unaofungwa kwa kishindo kila siku.

#17 Bomba la Maji
Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa maji. WHO, Shirika la Afya Duniani, inasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, kwa sababu ukifuata 1.5 unafunga visima vya watu na huna cha kuwapa badala yake. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwana Meru, weka chujio nyumbani, meno yatarudi meupe na gundi itashika.

#18 Meno32
Bomba la Maji, chujio aweke, lakini kwa ajili ya watoto. Meno yake yeye hayatabadilika. Floraidi inaharibu enameli wakati inajengwa ndani ya taya, kabla jino halijaota. Ukiacha magego ya mwisho, ujenzi huo unaisha mtoto akiwa na miaka minane hivi. Baada ya hapo rangi imeshaandikwa.

#19 Bomba la Maji
Nimekubali marekebisho. Niongeze basi: siyo maji peke yake. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande nayo yana floraidi, kuna maeneo ni nyingi mno. Mtu anachuja maji vizuri kisha anatia magadi kwenye sufuria.

#20 Mwana Meru
Makande bila magadi, mkuu? Yataiva lini?

#21 Bomba la Maji
Loweka mahindi na maharage tangu jana yake. Yanaiva. Mke wangu anapika hivyo mwaka wa sita.

#22 Kisu Kikali
Mimi ni wa machinjioni, nimerudi kwa sababu ya ng'ombe. Kwanza hiyo mifupa, kwa nini ya ng'ombe? Pili, kuna kijana wa chuo alikuja kwetu mwaka jana na ndoo, anataka meno ya ng'ombe ya mbele ya chini. Tulimpa, hatukumwelewa. Ndiyo mambo haya?

#23 Meno32
Ndiyo haya haya kaka! Meno ya watu yaliyong'olewa mazima ni machache, kwa hiyo maabara nyingi duniani zinatumia ya ng'ombe. Lazima yawe ya chini kwa sababu...

#24 Kisu Kikali
Kwa sababu ng'ombe juu mbele hana meno! Ana ufizi mgumu tu. Chini yapo manane. Hilo halihitaji chuo.

#25 Meno32
Umenimaliza. Ni mapana, bapa, na enameli yake inafanana na yetu kiasi cha kutosha kwa kipimo. Na mifupa hutumika kwa sababu madini ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino. Yote mawili yanaivuta floraidi. Kile kinachochafua jino la mtoto ndicho kinachofanya mfupa uliochomwa usafishe maji.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, labda mtaona kwa nini majibu yanapishana. Jino likishang'olewa halitakiwi kukauka, tunalihifadhi kwenye maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Tunalizamisha kwenye plastiki ya kuganda, uso mmoja ubaki nje, tunausugua kwa msasa namba 600 chini ya maji yanayotiririka hadi uwe bapa kabisa. Asidi, maji, gundi, taa. Juu yake tunasimamisha kompoziti nyembamba kama kipande cha njiti ya kiberiti iliyonenepa. Saa 24 kwenye maji ya nyuzi 37. Halafu mashine inashuka na ubapa wake kuisukuma hiyo kompoziti, milimita moja kwa dakika, unakaa unaangalia mstari unapanda kwenye skrini, unapanda, kisha "tak". Namba inasomwa kwa megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo.

Sasa kuna siku nilitoa meno kumi kwenye chupa, nikapigiwa simu na nyumbani, nikayaacha mezani karibu nusu saa. Nilivyorudi nikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Namba zote kumi zikashuka. Meno yale yale, gundi ile ile, mkono wangu uleule. Niliyatupa, nikaanza upya, na tangu hapo nikisoma makala mbili zinazopingana, natafuta kwanza meno yalihifadhiwaje.

#26 Tabibu wa Wilaya
Hapo ndipo huwa nagombana na watu wa maabara, kwa nia njema lakini. Jino lako ni bapa, limesuguliwa, halina damu, halina mtu anayetaka kutema mate. Unapima baada ya saa 24. Mgonjwa wangu anakunywa chai ya moto, anashushia maji ya friji, miaka na miaka.

#27 Meno32
Tunajaribu. Tunayahamisha meno kati ya maji ya nyuzi 5 na nyuzi 55, mizunguko maelfu. Wengi wanahesabu mizunguko 10,000 kama mwaka mmoja mdomoni, ingawa ni makisio. Na kuna jambo maabara ililiona kabla ya kliniki. Mjapani Nobuo Nakabayashi mwaka 1982 alionyesha kwamba kwenye dentini gundi inaingia kati ya nyuzi za kolajeni, protini ya jino, na kuunda tabaka la mchanganyiko. Baadaye ikaonekana dentini yenyewe ina vimeng'enya vinavyozila hizo nyuzi pale gundi isipofika. Yaani jino linajitafuna chini ya kizibo, bila bakteria hata mmoja. Kuna wanaopaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya gundi ili kuvizuia. Kwa kizibo cha miezi mitano sidhani ndicho chanzo, kwa cha miaka mitano ningefikiria.

#28 Mgeni Bremen
Tabibu, hiyo glasi ionoma na ile njia ya kukwangua jino kwa mkono bila mashine, si ndiyo iliyotoka Uholanzi? Niliona kwenye maonyesho huku.

#29 Tabibu wa Wilaya
Hapana ndugu, na hili nataka lisomwe na kila mtu humu. Njia hiyo, ART (kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment), ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam. Jo Frencken ni Mholanzi, kweli, lakini alikuwa anafanya kazi hapa, na kilichoizaa ni hali ya hapa: vijijini hakuna umeme, mashine haiwezi kwenda, mgonjwa anang'olewa jino ambalo lingepona. Wakakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, wakaziba. Baadaye ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, ikaenea. Mwaka 2021 WHO ikaiweka glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mimi nimefundishwa hiyo njia na nimeitumia chini ya mwembe, mtoto amelala kwenye meza ya darasani.

#30 Mgeni Bremen
Asante kwa somo. Sikujua kabisa.

#31 Fundi Taa
Tumrudie mwenye uzi. Mwana Meru, huko kwa daktari wa tatu taa ilikaa jinoni sekunde ngapi?

#32 Mwana Meru
Sikuhesabu. Ililia mlio mmoja, akatoa. Nakumbuka ilikuwa inagusa shavu, hakuweza kuisimamisha sawasawa maana tundu liko nyuma.

Ila kuna kitu sijawaambia. Kile kizibo cha mwisho ninacho. Nilikiweka kwenye kiberiti.

#33 Meno32
Usikitupe! Kiangalie upande wa ndani, ule uliokuwa umelala kwenye jino. Tumia kioo cha kukuzia kama unacho. Ni laini na kinang'aa, au kina chembe za jino zimekifuata?

#34 Mwana Meru
Nimeazima kioo kwa fundi saa. Ni kidogo, kama nusu punje ya ulezi kwa unene wake. Upande wa ndani sehemu kubwa ni laini, inang'aa kama kucha. Pembeni, ule ukingo wa kuelekea ufizi, kuna utando wa njano uliokolea, nikikwangua kwa sindano unatoka kama nta. Chembe za jino sizioni.

#35 Meno32
Laini na kinang'aa maana yake gundi iliachia jino safi, haikuingia. Asidi haikuchimba. Mimi naisoma ni floraidi.

#36 Tabibu wa Wilaya
Utando wa njano uko upande wa ufizi tu. Maji yaliingilia hapo tangu siku ya kwanza. Mate.

#37 Fundi Taa
Na hicho kinachokwanguka kama nta? Kompoziti iliyoiva haikwanguki kwa sindano. Mwana Meru, kwangua pale panapong'aa, siyo kwenye utando. Sindano inaacha alama?

#38 Mwana Meru
Ngoja mchana, taa ya humu ndani haitoshi. Jumatatu naenda kwa daktari wa nne, nitakibeba kiberiti changu.